Zege Mlangoni mwa Jiko

Lita 20 za zege zikishakauka zinakaribia kilo 50. Hesabu hiyo mume wangu na kijana wetu mkubwa waliipiga baada ya kukoroga, si kabla. Hapa mtaani kwetu Mbagala vijana wana chuma chao cha kunyanyulia: makopo mawili ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege, na bomba limeyaunganisha. Kila upande una kilo kumi hivi. Baba na mwana wakaona kilo kumi watazichoka mapema, heri watengeneze kitu cha kudumu. Wakachukua ndoo zangu mbili za maji.

Ndoo ya kwanza haikuleta shida. Walisimamisha bomba katikati, wakamimina, wakaiacha siku kadhaa ishike vizuri. Taabu ilikuwa ya pili, kwa sababu sasa ile ya kwanza ilitakiwa ikae juu, kichwa chini miguu juu, huku ncha ya bomba imezama kwenye zege bichi. Masika yalikuwa yameanza, na mahali pekee penye paa huko nje ni ule ujia kati ya nyumba kubwa na jiko. Wakaita vijana wawili wa jirani, wakainua, wakapachika, wakaifunga ndoo ya juu kwenye boriti kwa kamba ya katani. Wakaenda kulala wameridhika.

Usiku fundo likafunguka. Ndoo iliyokwisha kukauka ilishuka ikapasua sakafu, ikabingirika hadi kwenye bomba la maji linalopanda ukutani, ikalikata. Ile ya zege bichi ikapinduka na kumwaga yote mbele ya mlango wa jiko. Maji yakakimbilia stoo, mlimokuwa na kiroba cha sembe na mchele niliokuwa nimenunua kwa ajili ya ugeni. Tukahangaika gizani kutafuta koki ya kufungia maji, watoto wanalia, mbwa wa jirani wanabweka. Tulipokuja kupumua alfajiri, zege lilikuwa limeshashika kwenye kizingiti. Mlango wa jiko letu unafungukia nje. Siku hiyo haukufunguka.

Na mgeni mwenyewe ni mama mkwe, yumo ndani ya basi tangu asubuhi anakuja kutoka Lushoto.

Fundi alikuja na tindo na nyundo akaanza kubandua zege kipande kwa kipande. Chai nilipikia kwa jirani. Sembe iliyolowa niliianika juani ile iliyowezekana, iliyobaki wakapewa kuku. Mume wangu alikwenda stendi ya Mbezi kumpokea mama yake, saruji bado imemganda kwenye nyusi, na alipomshushia mzigo akagundua kwamba mkono wake wa kulia hauinuki vizuri. Alikuwa ameutegua usiku akijaribu kulisogeza lile dubwana peke yake.

Sikumkasirikia muda mrefu. Mwezi uliotangulia alikuwa amekwenda kliniki kupima presha, ikaonekana ipo juu, na daktari akamzungushia utepe kiunoni. Mwanamume kiuno chake kikizidi sentimita 102, hatari ya kisukari na maradhi ya moyo inapanda sana. Chake kilizidi, na si kwa kidogo. Mume wangu ni karani, anakaa kitini kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, halafu anakaa tena kwenye daladala. Daktari hakumwambia akimbie tu. Alimwambia ajenge misuli, kwa sababu ukishakula, misuli ndiyo inayopokea sehemu kubwa ya sukari iliyoingia kwenye damu. Ikiwa michache na haifanyi kazi, sukari hiyo inakosa pa kwenda. Mume wangu alirudi nyumbani ametishika kweli, na mtu aliyetishika hafanyi mambo kwa kiasi. Yale madubwana ya zege yalitokana na hofu ya baba mwenye watoto wanne, na mimi hofu hiyo nilikuwa nayo pia.

Mama alifika alasiri. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akapita ujia wa mabonge ya zege bila kuuliza neno. Adabu yake ni ya kizamani: haoni aibu ya nyumba ya mtu siku ya kwanza. Aliuliza kesho yake, tena hakuuliza habari za zege. Aliuliza habari za sahani.

Mume wangu alikuwa ameacha ugali, ameacha wali, ameacha chapati na viazi. Sahani yake ilikuwa na ute mweupe wa mayai tu, kiini kimetupwa, na mchicha wa kuchemsha usiotiwa hata nazi. Pembeni ana kopo la unga wa protini alilouziwa na mtu mjini kwa bei ambayo ingetulisha dagaa na maharage wiki nzima, sisi sote. Anaukoroga kwenye maziwa anakunywa kwa mkupuo. Chini ya shati amejizungushia nailoni, atoke jasho, maana kaambiwa mafuta yanatoka na jasho.

"Mwanangu anaumwa nini?" Mama aliniuliza tukiwa wawili, tunachambua mchele.

"Haumwi, Mama. Anapunguza kitambi."

"Kitambi hupunguzwa kwa sababu gani? Baba yake alikufa nacho, na watu walimheshimu."

Nilimweleza presha. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, kwa upole, kwamba huko nyumbani mtu akirudi amekonda watu hawaulizi presha, wanauliza mengine, na wakimaliza kuuliza hayo wanamuuliza mkewe anamlisha nini. Alisema kweli. Kwetu mtu mzima akipungua kilo tano, minong'ono inaanza kabla hajapunguza mkanda tundu la pili. Wanaume wengi naamini wanashikilia vitambi vyao kwa kuogopa minong'ono hiyo, na wake zao wanawajazia sahani kwa kuogopa hiyo hiyo. Hili linaua watu, na linanikera kuliko ndoo na sembe.

Wiki zilizofuata nyumba ilikuwa na vyungu viwili. Chungu cha baba na chungu cha watu. Watoto wakaanza kudai mayai kama ya baba, nami nikiona viini vya njano vinatupwa jalalani moyo unaniuma, kwa kuwa karibu nusu ya protini ya yai imo humo kwenye kiini, pamoja na vitamini nyingi. Tumbo la mume wangu nalo likaanza kuunguruma na kujaa usiku kucha. Tulidhani ni mayai. Yalikuwa maziwa, na lile kopo lenyewe, kwa sababu unga wa namna hiyo hutengenezwa kwa maziwa na mara nyingi hubaki na sukari ya maziwa ndani. Waafrika wengi tukishapita utoto hatuna tena kimeng'enya cha kutosha cha kuivunja sukari hiyo, basi inafika kwenye utumbo mpana haijasagwa, bakteria wanaichachusha, na tumbo linajaa hewa. Mama alimchemshia majani ya mchaichai na kumsugua mgongo, mtoto wake wa miaka 48.

Uzito ulishuka, hilo sikatai. Mizani ya duka la dawa ilisema hivyo. Lakini nguvu nazo zilishuka. Mtu aliyekuwa akibeba mtungi wa gesi toka barabarani hadi ndani sasa anautua njiani mara mbili. Jioni anakaa kwenye kochi macho yamelegea, anawafokea watoto kwa jambo dogo. Na tumbo, ambalo ndilo lililokuwa na kesi, lipo pale pale, ingawa kila alfajiri analala sakafuni na kujikunja kwa pumzi za kilio mpaka anaamsha nyumba.

Jumapili moja wifi yangu akaja kumsalimu mama yake. Wifi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kazi yake ni kuwarudisha watu kwenye miguu yao baada ya ajali na kiharusi. Alimtazama kaka yake anajikunja sakafuni na nailoni yake, akamwambia, "Kaka, vua hiyo kitu kwanza, halafu kaa tuongee."

Alianza na nailoni. Jasho ni maji na chumvi, ukinywa maji linarudi. Mafuta mwilini yakichomwa hugeuka hewa ya kaboni dioksidi na maji, na sehemu kubwa sana, katika kilo 10 za mafuta kama kilo 8.4, inatoka kwa pumzi. Mama alicheka kwa furaha aliposikia hivyo. "Kumbe mtu anapumua kitambi chake," akasema, na kila mara baada ya hapo mjukuu akipanda ngazi akihema alimwambia, pumua mwanangu, pumua.

Kisha akaja kwenye kujikunja. Misuli ya tumbo inapata nguvu kwa zoezi lile, ila mafuta yaliyo juu yake hayachukuliwi kutoka pale panapofanyiwa zoezi. Mwili unayachukua unakotaka wenyewe, na kitambi huwa kinapungua pale tu mwili mzima unapopungua. Hesabu yake si ya uchawi: kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba kalori 7,700 hivi. Mtu akila pungufu ya kalori 500 kwa siku kuliko anazotumia, kwa wiki anaelekea nusu kilo. Na kalori 500 tunazipata wapi? Wifi aliingia jikoni kwangu, akachukua kijiko kikubwa na chupa ya mafuta, akamimina kijiko kimoja juu ya sahani nyeupe tuone. Hicho kina kalori 120. Mimi kwenye mboga ya watu saba nilikuwa simimini kwa kijiko, namimina kwa jicho. Juu yake tui la nazi. Halafu soda ya chakula cha mchana kazini, na maandazi mawili ya chai. Ugali haukuwa mshitakiwa wa kwanza. Bonge la ugali lililopunguzwa kwa theluthi, mboga ya majani iliyoongezwa, mafuta yaliyopimwa kwa kijiko, soda iliyoachwa: hapo 500 zimeshapatikana, na chungu ni kimoja.

"Na protini, dada?" mume wangu akauliza. Alilitazama lile kopo kwa majuto ya pesa.

Hapa ndipo nilipochukua kalamu mwenyewe, maana bajeti ya nyumba hii iko mkononi mwangu. Anayefanya mazoezi ya nguvu anafaidika na gramu 1.6 hivi za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kuzidisha sana hapo hakumwongezei misuli ya maana. Kwa uzito wa kilo 80, ambao ndio tuliuona unamfaa, ni gramu 128. Yai moja zima lina gramu 6. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15. Kipande cha samaki cha gramu 100 kilichopikwa kinapita 20. Dagaa wakavu ndio walionishangaza: zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini tupu, kwa hiyo gramu 50 za dagaa zinampa mtu zaidi ya gramu 25, na pochi haishtuki. Tulipiga hesabu ya siku nzima: mayai mawili asubuhi na viini vyake, maharage mchana na kipande cha samaki, karanga kidogo alasiri, dagaa usiku na mchicha na ugali, na Jumapili kuku. Siku nyingi anakaribia gramu zake, siku nyingine anapungukiwa kidogo, na hakuna aliyezimia. Kopo likapewa kijana wa jirani ambaye maziwa hayamsumbui.

Sababu ya nguvu kushuka wifi aliieleza bila kuficha. Mwili ukinyimwa chakula ghafla hauchomi mafuta peke yake. Unakula na misuli. Katika kilo nne zinazopotea kwa njaa tupu, moja inaweza kuwa si mafuta kabisa. Kinachouambia mwili uiache misuli ni kazi nzito ya mara kwa mara pamoja na protini ya kutosha, na kazi nzito mume wangu alikuwa hafanyi, kwa kuwa chuma chake cha kwanza kilikuwa cha kilo karibu mia na bega lilikuwa limeteguka.

Akatusimulia habari ya daktari wa jeshi la Marekani, Thomas DeLorme, aliyekuwa akitibu askari wa Vita Kuu ya Pili katika hospitali moja ya jeshi Chicago. Walirudi na magoti yaliyovunjika na mapaja yaliyonyauka. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi mengi mengi, na walikaa wodini miezi. DeLorme, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kuugua sana ujanani na kujijenga kwa vyuma, aliwapa uzito mkubwa wa kuinua mara chache, akauongeza kidogo kidogo kadiri nguvu zilivyopanda, na mwaka 1945 akachapisha matokeo yake. Baadaye utaratibu wake ukakaa hivi: unatafuta uzito mkubwa unaoweza kuuinua mara kumi, kisha mara kumi kwa nusu yake, mara kumi kwa robo tatu, mara kumi kwa uzito wote. Ukizoea, ongeza.

"Sasa hapa nyumbani mna kitu gani unachoweza kukipima nusu na robo tatu?" wifi akauliza.

Binti yangu wa darasa la sita ndiye aliyejibu. "Dumu."

Lita moja ya maji ni kilo moja. Dumu la lita 5 likijaa ni kilo tano, dumu la lita 20 ni kilo ishirini, na katikati hapo unaweza kusimama popote utakapo kwa kikombe. Sijaona kifaa cha mazoezi kinachoshinda hicho kwa nyumba isiyo na pesa ya jimu. Siku hiyo hiyo kijana wetu alichora mistari kwenye madumu kwa kalamu ya wino mzito: nusu, robo tatu, kamili. Baba yake akafundishwa kuchuchumaa akiwa amekumbatia dumu kifuani, kulivuta kuelekea ubavuni huku ameinama mgongo umenyooka, na kupiga pushapu kwanza akiegemea ukuta, baadaye meza, baadaye sakafu. Alionywa jambo moja kwa ukali: asibane pumzi anapoinua. Ukibana pumzi chini ya mzigo presha inapanda ghafla, na yeye tayari ana presha. Anatoa pumzi anapoinua, anavuta anapoteremsha. Mara tatu kwa wiki, na siku ya kupumzika katikati, kwa sababu misuli haijengeki wakati wa kunyanyua, inajengeka baadaye, umelala au umekaa kazini, saa ishirini na nne na zaidi baada ya dumu kutuliwa.

Tulikuwa tumemaliza. Wifi alikuwa anavaa viatu. Mama akataka kuinuka kwenye kigoda amsindikize mwanawe mlangoni.

Alishika ukuta kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia akaubandika kwenye goti, akajisukuma, akainuka nusu, akarudi chini. Akajaribu tena. Wote tulishaliona hilo kwa wiki zote hizo na tulikuwa na namna ya kuliona: mjukuu anakimbia, anampa mkono, Mama anainuka, anasema asante mume wangu, anacheka. Wifi alimzuia mjukuu. Alirudi, akavua viatu, akaleta kiti cha mezani kisicho na mikono, akakiegemeza ukutani.

"Mama, kaa hapa. Kunja mikono kifuani. Nitahesabu sekunde 30. Simama wima, kaa, simama, kaa, mara nyingi uwezavyo."

Mama ana miaka 72. Mwanamke wa miaka 70 hadi 74 asipofika mara kumi, wataalamu wanahesabu kwamba yuko katika hatari ya kuanguka. Mama alisimama mara tano. Ya tano alitetemeka mapaja mpaka kitenge kikatikisika.

Sote tulinyamaza, na mume wangu akageuza uso.

Huyu ni mwanamke aliyelelewa kwenye miteremko ya Usambara, ambako bonde na nyumba vimetenganishwa na kilima. Alibeba ndoo ya maji kichwani akiwa na mimba ya mume wangu. Ametwanga, amelima matuta ya mboga, ameshusha mizigo ya maplamu hadi sokoni. Nguvu zake hazikuibwa na uzee peke yake. Ni kweli misuli huanza kupungua taratibu kuanzia miaka ya thelathini, na baada ya sitini kasi inaongezeka, na nyuzi zinazotangulia kunyauka ni zile za haraka, zile zinazokudaka unapojikwaa. Lakini sehemu kubwa tumemnyang'anya sisi. Alipotimiza miaka sitini watoto wake walimwekea msichana wa kazi, wakamvutia maji ya bomba uani, wakamnunulia kochi. Kila akiinuka tunamwambia, kaa Mama, pumzika, umefanya kazi ya kutosha. Tunasema kwa upendo. Tunamletea sahani, tunamletea maji ya kunawa, tunamletea hata viatu. Tukamkalisha miaka 12, miguu ikasahau kazi, na sasa choo cha kuchuchumaa anakiogopa usiku, akawa hanywi maji jioni ili asiende. Aliniambia hilo siku ile, kwa sauti ndogo. Nimeishi na mama mkwe kwa heshima na sikulijua.

Wifi aliinama mbele yake. Akamwambia kwamba mwaka 1990 huko Boston, Marekani, watafiti wakiongozwa na daktari Maria Fiatarone walichapisha habari za wazee kumi dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wao miaka 90, waliofundishwa kunyanyua vyuma kwa miguu wiki nane, tena vyuma vizito kwa kiasi cha nguvu zao. Tisa walifika mwisho. Nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na misuli ya mapaja yenyewe ikanenepa.

"Miaka tisini?" Mama akauliza.

"Tisini, Mama."

"Basi mimi bado msichana."

Tulianza baada ya kumpima presha kliniki na kuambiwa hakuna kizuizi. Alianza bila dumu. Kiti, mto juu yake ili kisiwe chini sana, kusimama na kukaa. Mto ukaondolewa. Kisha dumu la lita 5 lenye nusu ya maji, akilikumbatia kifuani. Kila Jumatatu mjukuu anaongeza kikombe kimoja, na Mama anatazama kikombe kinavyomiminwa ajue hadanganywi. Alikuwa na wivu na mizani yake. Mara moja binti alisahau kuongeza, na bibi yake akamwambia, "Wewe unataka nibaki hapa hapa?"

Na chakula chake. Kumbe wazee wanahitaji protini zaidi ya tulivyodhani: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito. Mama ana kilo 55, kwa hiyo gramu 55 hadi 66 kwa siku. Yeye alikuwa anakunywa chai na mkate asubuhi, uji mchana, ugali mdogo na mchuzi usiku, nyama zote ameshawagawia wajukuu kwa sababu bibi mwema hugawa. Nililazimika kusimama naye kwenye jambo hilo. Ni kazi ngumu kumwambia mama mkwe asigawe nyama. Nilichofanya ni kusaga dagaa na karanga pamoja, nikatia kwenye mchicha, na hapo hana cha kugawa, kila mtu ana vyake. Maharage ya soya ya Lushoto aliyokuja nayo kama zawadi nilimchemshia asubuhi badala ya mkate. Aliyala.

Wiki za mwanzo nguvu zilipanda haraka kuliko mapaja yalivyobadilika, nasi tukaambiwa ndivyo ilivyo: mishipa ya fahamu inajifunza kwanza kuiita misuli iliyopo, nyama inafuata. Jambo la kwanza tuliloliona lilikuwa usiku. Nilisikia mlango wa choo, nikaamka kumshika mkono kama kawaida, nikamkuta anatoka, taa kaiwasha mwenyewe. "Rudi ukalale, mwanangu," akaniambia. Kabla hajaondoka kwetu wifi alikuja na saa yake, akahesabu tena. Mara kumi na mbili.

Mume wangu kiuno kimeshuka chini ya 102. Mizani haikushuka kwa kishindo, ilishuka kidogo na ikatulia, kwa kuwa mafuta yalikuwa yanatoka huku misuli ikiingia. Shati za ofisini zinambana mabegani na kumlegea tumboni. Presha bado anaimeza dawa yake kila asubuhi, daktari ameipunguza dozi, na yeye haruhusiwi kuiacha kwa sababu eti anajisikia vizuri. Kazini wapo waliomuuliza kama anaumwa. Aliwaonyesha pushapu.

Lakini ugomvi haukukosekana. Mama aliporudi Lushoto na dumu lake, mjomba, mdogo wake wa kiume, alinipigia simu. Alikuwa amemkuta dada yake uani anachuchumaa na kuinuka na dumu la maji kifuani, na msichana wa kazi kakaa pembeni anahesabu. Akasema maneno makali. Kwamba mkwe wa mjini amemgeuza mama wa watu kibarua. Kwamba mzee hupumzishwa. Kwamba majirani wanaona. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamweleza choo cha usiku, nikamweleza maji ambayo dada yake alikuwa hanywi jioni. Hilo lilimnyamazisha kuliko zile habari za Boston. Mwishoni akauliza kama goti linalouma linazuia. Nikampa namba ya wifi.

Juzi Mama kapiga mwenyewe. Wanawake wawili wa kikoba chao wamejiunga, mmoja ana miaka 68, mwingine hajui miaka yake, wanakutana Alhamisi baada ya kuhesabu hisa. Yule wa pili hawezi kabisa kusimama bila mikono, afanyeje? Nikamwambia aweke mito miwili, na mikono aruhusiwe kwanza, halafu mkono mmoja, halafu vidole tu. Akarudia kwa sauti ili mwenzake asikie. Kisha akaniagiza dagaa wa Mwanza kilo mbili, wasiwe na mchanga, na madumu matatu yenye mpini mzuri, maana la kwake linamkata viganja sasa limejaa.